Kware wa Mgongo wa Punda

16 Agosti

Nimemaliza kupaka rangi vigingi vya njia, kuanzia msonobari wa mwanzo hadi kibanda cha kutazamia ndege. Nyeupe juu, kijani chini. Shemeji yangu Zenel naye amemaliza upande wake wa ziwa: nyeupe juu, kijani chini, na iliyobaki ameimalizia kwenye suruali. Nimemwambia wageni watamdhania kigingi, wamfuate mpaka chooni.

"Bora wanifuate mimi," akasema. "Wakikufuata wewe, Sabire, njia nzima ni maneno."

Mume wangu alikuwa mdogo wake. Tangu tumzike tunaishi hivi: ua mmoja, nyumba mbili, na matusi ya kututosha kutwa.

19 Agosti

Joto. Maji ya ziwa la chumvi yamerudi nyuma na kuacha wangwa mweupe kama sahani iliyolambwa. Heroe wamesimama mbali, kila mmoja kwa mguu mmoja, kama watu waliogawiwa kiatu kimoja kimoja. Mgeni ameniuliza kama kuna njia ya mkato ya kuwafikia. Nimemwambia ipo, ila ni ya kwenda tu.

23 Agosti

Binti yangu Mimoza amebandika ubao mpya mlangoni pa mgahawa wake, pale njia inapoanzia: supu ya samaki mkunga, mkate wa mahindi, kahawa, raki kwa wasioendesha. Alirudi majira ya kuchipua kutoka Italia, alikokaa akiogesha wazee wa watu mpaka mgongo wake mwenyewe ukazeeka. Aliposhuka melini aliniambia, "Mama, mgahawa ukienda, sirudi tena kule. Usipoenda, usinilaumu." Tangu siku hiyo kila mgeni anayekalia kiti chake namwombea njaa.

Leo Zenel amempelekea mzigo wa matete ya kuezekea kivuli. Walikaa wakisuka bila kusemezana, mikono inakwenda sawasawa. Alipokuwa mdogo alimfuata mzee huyu kila mahali kama kifaranga cha bata, na mimi jioni kazi yangu ilikuwa kumtoa tope masikioni.

28 Agosti

Leo kabla jua halijatoka kware ameita kutoka Mgongo wa Punda.

Mgongo wa Punda ni kituta cha nyasi kavu katikati ya wangwa. Njia yetu haifiki huko. Baina ya kigingi cha mwisho na kituta hicho kuna tope ambalo juu ni gamba la chumvi na chini ni uji. Punda wa kiwanda cha chumvi aliingia humo zamani akiwa na mzigo. Kilichoonekana mwisho ni mgongo, na jina likabaki.

Kware huita mara tatu, akanyamaza, akasikiliza. Huyu aliita mara tatu, akanyamaza, na kwa mbali mbwa akabweka. Akaita tena mara tatu. Mbwa akabweka. Nilimaliza kahawa, nikaosha kikombe, na kware alikuwa hajachoka wala mbwa hajabadili neno. Ni mashine. Mtu amerekodi kware mahali penye mbwa, akaifunga kwenye kisanduku chenye betri, akaiweka pale na wavu juu ya nyasi. Kware wanaotoka kaskazini wamechoka na safari wanasikia mwenzao anasema hapa kuna amani, wanashuka.

Kijiji chetu kizima cha Kallmishta kinamjua mtu mmoja tu anayeweza kulivuka tope lile. Mtu huyo analala ua mmoja na mimi.

29 Agosti

Niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Zenel alikuwa mwindaji tangu meno ya kwanza. Hifadhi ilipotaka watunza njia wawili, mkaguzi, Bi Teuta, alisema mimi sawa, yeye hapana. Basi nikaweka mkate mezani kwangu, majirani wakaja, na Zenel akaweka kiganja juu ya mkate akasema: bunduki, wavu na mtego, kamwe, mpaka nizikwe. Tukaumega, tukala wote. Bi Teuta naye alikula, akampa kazi.

Na hapa kwetu aliyeapa kwa mkate haulizwi tena. Kumwambia "ni wewe?" ni kumwambia mkate ule ulikuwa unga tu. Kiapo kinafunguka, na nyumba iliyouliza na iliyoulizwa hazisalimiani tena. Naye asipoulizwa hajitetei, maana anayejitetea bila kuulizwa amekwisha kukiri. Ni desturi nzuri, imetuepusha na kelele nyingi. Leo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

2 Septemba

Kware. Mbwa.

3 Septemba

Zenel amepita dirishani kwangu asubuhi akitoka upande wa wangwa, tope hadi mapajani. Nilikuwa nakata byrek. Nikampitishia kipande dirishani.

"Umetoka mbali," nikasema. Hilo si swali.

"Tope ni lilelile. Miguu ndiyo si ileile."

Akala amesimama, akapangusa makombo ya mkate uliokunjwa kwa jibini kutoka kwenye masharubu, akaenda zake. Nikautazama mgongo wake nikawaza: mzee mwongo wewe, ungenawa walau.

7 Septemba

Nimekwenda kununua sukari kwa Rrapo. Duka lake la kahawa lina wanaume walewale tangu lifunguliwe. Nadhani wengine waliletwa pamoja na viti.

"Sabire," akasema Rrapo, "kware wenu wa hifadhini anaimba vizuri mwaka huu."

"Anamsifu Mungu."

"Na mbwa?"

"Anaitikia amina."

Wakacheka. Zenel alikuwa kwenye kona yake akichungulia kikombe kana kwamba kina samaki. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Hiyo ndiyo namna yetu ya kumkodolea mtu macho.

8 Septemba

Kware. Mbwa. Upepo kidogo.

12 Septemba

Bi Teuta amekuja, viatu safi, uso wa mtu asiyelala. Tumeitembea njia yote pamoja. Kwenye kigingi cha mwisho akasimama na kuelekeza darubini Mgongo wa Punda.

"Watu wa ng'ambo ya ziwa wananipigia simu. Wanasikia."

"Msimu wa kware huu."

"Mama Sabire, ule mkate nami niliula." Akashusha darubini. "Umemuuliza?"

"Haulizwi."

"Najua haulizwi. Bibi yangu mzaa mama ni wa kijiji cha tatu kutoka hapa. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nikamwonyesha yangeyange aliyekuwa akipita. Akamtazama kwa heshima, maana ni mtu mwenye adabu, kisha akaendelea palepale alipoachia. Atarudi mwanzoni mwa Oktoba na polisi wenye mashua. Atakayekutwa na mashine au wavu, ni mahakamani. Akiwa Zenel, kazi imekwisha, na kila kijiji cha ziwa hili kitajua kuwa ni mvunja mkate.

"Hata kwa umri wake," akasema, "kifungo hakitamuua. Hilo la pili litamuua."

15 Septemba

Mgahawa umejaa. Magari ya mjini yamepanga mstari mpaka kwenye misonobari, na si kwa ajili ya heroe. Ubao wa Mimoza una mstari mpya: kware wa kuchoma kwa ndimu.

"Wa kufugwa hawa, Mama. Wanaletwa kwa sanduku kutoka bonde la juu."

Nimekula wawili. Mifupa yao migumu kama ya mtu aliyesafiri sana, nikadhani ni meno yangu. Mimoza alinibusu utosini, mikono inanukia ndimu, akawa anaimba huku akigeuza nyama. Sijamsikia akiimba tangu alipopanda meli ile ya kwanza. Zenel naye alitengewa sahani. Aliitazama, akaisukuma taratibu, akasema tumbo halimkai vizuri. Nikajisemea: la mwenye hatia halikai vizuri kamwe.

18 Septemba

Kware. Mbwa. Nimeanza kumjua mbwa huyu kuliko majirani.

21 Septemba

Kimya.

Nilikaa kitandani macho wazi mpaka jua likafika ukutani. Hakuna kilichoita ila shakwe, nao hawaiti, wanagombana. Zenel amekuja mchana na mikunga wawili kwenye ndoo na kikohozi kibaya. Tumewaoka. Amekula kama mtu aliyemaliza kazi. Nimemsamehe moyoni bila kumwambia alikosa nini, ambao ni msamaha wa bei rahisi kuliko yote.

24 Septemba

Mimoza hana raha. Amevunja kikombe, akavunja na cha pili akiokota cha kwanza. Ule mstari wa kware ameufuta ubaoni kwa kitambaa. "Sanduku halijaja," akasema. Wageni wa mjini walisoma ubao wakiwa ndani ya gari, wakageuza.

Jioni Rrapo ameniambia, kama habari tu, kwamba binti yangu alimuuliza meli za Bari, kule Italia, zinaondoka siku gani.

27 Septemba

Kware mpya. Hana mbwa. Sauti safi, kali, inatoka ndani zaidi ya wangwa. Basi mzee amenunua mashine nyingine. Nimemwona akipita uani amejikunja kwa kikohozi, na kwa mara ya kwanza sikumtukana. Alisimama kidogo kungoja tusi. Nikafunga dirisha.

Jambo moja jema: sanduku la Mimoza limefika. Kware wamerudi ubaoni.

30 Septemba

Kwa Rrapo leo kikombe cha Zenel kimejazwa nusu. Yaani kahawa nusu, mbele ya watu, kwa mtu aliyekunywa humo kabla Rrapo hajaota ndevu. Zenel alikitazama, akakinywa, akashukuru, akatoka. Ametembea njia nzima akinyoosha vigingi ambavyo vilikuwa vimenyooka.

2 Oktoba

Upepo wa kusini umeingia na mvua yake. Bahari inasukumwa ndani kupitia mfereji na ziwa linavimba. Vigingi vya chini vimezama nusu. Bi Teuta amepiga simu: kesho kutwa asubuhi, na mashua.

Nimemwambia Zenel uani, nikiwa nimejifunika gunia.

"Kesho kutwa," akarudia, kama mtu anayepima mbao. "Maji yatakuwa juu."

"Yatakuwa."

"Basi lazima kabla."

Kabla ya nini, hakusema. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, maneno mawili tu, nikahisi uzito wake. Nikaingia ndani nikakanda unga ambao haukuhitajika.

3 Oktoba

Kware, kwenye mvua. Yuleyule asiye na mbwa.

4 Oktoba

Nguo bado zina tope, nitaandika hivyohivyo.

Aliita tena kabla hakujakucha sawasawa, na mvua inanyesha. Nilivaa buti za marehemu mume wangu, nikachukua mundu, nikatoka. Nilikuwa nimeamua kumkamata mwenyewe kabla ya polisi, nimburute nyumbani kwa sikio, na neno lisisemwe. Nilijiona mwerevu sana.

Njia ilikuwa chini ya maji. Nilikwenda kigingi hadi kigingi, nyeupe juu, kijani kimezama. Kwenye kigingi cha mwisho nikakuta koti la Zenel limetundikwa, kofia mfukoni.

Yeye alikuwa katikati, baina ya kigingi na Mgongo wa Punda, ameingia mpaka kifuani. Mkono mmoja juu, na mkononi kisanduku, na kisanduku kinaita. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Uso wake ulikuwa na rangi ya nta.

"Zima hicho," nikasema. Ndilo lililonitoka.

"Vidole havisikii. Nimejaribu hata kwa meno."

Nilipiga hatua mbili nje ya njia. Ya pili ilinimeza hadi juu ya goti. Nilijichomoa, buti likabaki.

"Usije, Sabire. Wewe mzito."

"Hata hapo ulipo unanitukana?"

"Hasa hapa nilipo."

Basi nikauliza. Nilisimama kwa mguu mmoja kama heroe, nikauliza kwa sauti ambayo hata ng'ambo wangeisikia: "Zenel, ni wewe?"

Kisanduku kikaita. Akangoja kimalize.

"Toka Agosti nakungoja uulize," akasema.

"Haulizwi."

"Najua haulizwi. Nilikuwa nakungoja hivyohivyo." Meno yalikuwa yakigongana. "Si mimi. Nimekuwa nikija kuzitoa. Ile ya kwanza niliifikia. Hii imewekwa mbali kwa miguu yangu. Nimeishika, kurudi ndiko kumenishinda."

"Imewekwa na nani?"

Akafumba macho. "Hilo uliza wengine."

Maji yalikuwa yakipanda kwapani mwake. Pale kwenye kigingi cha mwisho pana bati la onyo, limeandikwa Usitoke nje ya njia. Nililigonga kwa mgongo wa mundu mpaka herufi zikabonyea. Mlango pekee ulio karibu ni wa mgahawa, na Mimoza huwasha jiko mapema. Nikageuka kuitazama njia nimwone akija kwenye vigingi.

Hakuja kwenye vigingi. Alitokea nyuma ya misonobari, moja kwa moja wangwani, meza ya mgahawa kichwani, na miguuni viatu vipana vya matete, kama vile ambavyo Zenel alimsukia alipokuwa mtoto, ila hivi vilikuwa vya mguu wa mtu mzima. Mbele yake maji matupu, hakuna alama wala unyasi. Alitembea kama mtu anayevuka chumba chake bila taa. Kushoto kidogo. Moja kwa moja. Akazunguka mahali ambapo mimi sikuona cha kuzungukwa. Hakutazama chini hata mara moja.

Tope lile hubadilika kila mvua inaponyesha. Anayelijua hivyo amelipita jana, na juzi.

Nilimwona anakuja kuokoa, nikamshukuru Mungu, nikaelewa, yote kwa pumzi moja. Pumzi yenyewe sikuimaliza.

Akailaza meza, akalala juu yake kifudifudi, akamshika mzee chini ya makwapa. "Baba Mkubwa, lala nyuma. Kama kitandani. Usipige mateke."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hayo."

"Ndiyo. Sasa nyamaza uyafuate."

Akamtoa kidogo kidogo, tope likimwachia kwa sauti ya mtu anayelamba vidole. Walipokaribia njia nikaunasa mguu wa meza kwa mundu nikavuta. Muda wote huo kisanduku kinaita baina ya vifua vyao. Mimoza hakukizima. Hakukitazama. Hakuuliza, kama ambavyo mtu yeyote duniani angeuliza, hiki ni kitu gani.

Mashua ilifika tukiwa tumemlaza juu ya meza. Bi Teuta alipiga magoti ndani ya maji, akamfungua mzee kidole kimoja kimoja, akakitoa kisanduku, akakizima. Kimya kikajaa ziwa zima.

"Cha nani?" akauliza. Hakusema "ni wewe?" Kwa hilo namheshimu.

Zenel alimtazama Mimoza, akanitazama mimi, akaitazama mvua.

"Changu," akasema.

6 Oktoba

Hospitali ya mjini. Mapafu. Daktari anasema tungoje, kwa uso wa mtu asiyependa kungoja. Zenel hafumbui macho ila kwa maji.

Kiti chake kwa Rrapo kimetolewa nje, kipo topeni. Watu wananisalimu wakitazama mabega yangu. Bi Teuta amesema atakuja kupekua nyumba na zizi.

Mimoza amefungua mgahawa. Tumezungumza kuhusu unga, kuhusu paa linalovuja, kuhusu unga tena. Yeye hakuapa kwa mkate wowote. Naweza kumuuliza saa yoyote. Sijamuuliza. Kumbe siku zote hizi haikuwa desturi iliyonifunga mdomo.

7 Oktoba

Nimekwenda kumlisha punda wa Zenel. Chini ya majani makavu, ndani ya soksi ya sufi niliyomfuma mwenyewe, kuna kisanduku. Nimebonyeza. Kware, mara tatu. Mbwa. Punda alisimamisha masikio.

Ndicho alichokitoa Septemba. Alikificha hapa badala ya kukitupa ziwani, kwa sababu ni mtu asiyetupa hata msumari uliopinda, na kwa sababu hakufikiri kuna atakayempekua. Wakikikuta hapa, lile neno "changu" litapata ushahidi, na mkate wake umekwisha.

Nimekichukua chini ya aproni. Nimekaa nacho jikoni mchana wote nikikitazama kama mgeni asiyeondoka.

8 Oktoba

Viatu vya matete vilikuwa nyuma ya mgahawa, chini ya gunia la unga, vimeoshwa. Nilivivaa kabla ya jua. Siku ile ya mafuriko macho yangu, ambayo hayana adabu, yalishika kila mahali alipokanyaga Mimoza. Maji yameshapungua, mvua haijarudi, tope bado ni lile. Sikufika Mgongo wa Punda, sina wazimu. Nilifika mahali ambapo sauti inaweza kufika kwa Rrapo, nikakiweka kisanduku juu ya rundo la matete, nikabonyeza, nikarudi nikiwa nimeahidi mambo mengi kwa Mungu. Wavu sikuweka. Kama kuna kware wa mwisho aliyeshuka, alisalimiwa tu akaenda zake.

Kikaita asubuhi nzima. Nikaenda kununua sukari nisiyoihitaji. Kwa Rrapo hakuna aliyecheka. Yeye alikuwa mlangoni, kichwa upande.

"Huyo ni yule wa Agosti," akasema.

"Ndiye. Hata mbwa ni yuleyule."

"Na Zenel..."

"Zenel hawezi kunyanyua kijiko, Rrapo."

Wakakaa na neno hilo. Wanaume wale hawafikiri haraka, lakini wakishaanza hawaachi njiani. Mwishowe Rrapo alitoka, akakiingiza kile kiti ndani, akakipangusa, akaweka kikombe mbele yake na kukijaza mpaka ukingoni, kwa mtu asiyekuwepo.

"Kumbe alituongopea," akasema mmoja wao. "Lakini hakuongopa juu ya mkate."

Bi Teuta alikuja mchana. Alisikiliza kutoka kigingi cha mwisho mpaka betri ikaanza kuchoka na mbwa akawa mnene wa sauti. Kisha akaitazama miguu yangu.

"Nyasi za chumvi zimekukata, Mama Sabire."

"Ni kali mwaka huu."

"Zenel simdai tena jibu. Lakini mtu yupo, na nitauliza kila asiyeapa." Tulipofika mgahawani alisimama mbele ya ubao. Kware walikuwa wamefutwa, ila chaki huacha kivuli chake. Aliusoma polepole, kama anayesoma kaburi. "Kesho," akasema.

9 Oktoba

Zenel amefumbua macho jana usiku. Muuguzi amempa habari ya kware aliyeita. Anasema mzee alicheka mpaka mashine zikapiga kelele, kisha akazidiwa tena. Tungoje.

Asubuhi Mimoza amesimama mlangoni pangu na sanduku la safari. Meli ya Bari ni ya jioni. Nilikuwa nakanda unga.

"Kile cha jana kilikuwa cha kwanza," akasema. "Kile kilichopotea. Mama, ni wewe uliyekiweka?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Hakuondoka. Alibaki palepale, mkono juu ya mpini wa sanduku, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni, tope masikioni, akingoja kujua kama nimeona. Chini kwenye misonobari gari la Bi Teuta lilikuwa linasimama. Kama ningezungumza kuhusu unga, angeondoka. Angepita nyuma, kwa njia anayoijua yeye, na jioni angekuwa baharini, na mimi ningekuwa na binti hai ng'ambo ya maji na Zenel angekuwa na jina zima lenye kivuli cha chaki.

Nikafuta mikono.

"Mimoza," nikasema, "ni wewe?"

Alijibu. Kisha akaliacha sanduku mlangoni, akateremka kumlaki Bi Teuta kwa njia yetu, akifuata vigingi, nyeupe juu, kijani chini, hakuruka hata kimoja.